Sifa za Fundi Anayeuliza Kabla ya Kufungua

Katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vyombo vingi vya tanga siku hizi vimefungwa pia mashine ya dizeli. Safari ndefu hubebwa na tanga. Mashine huwashwa saa ya dhiki: upepo ukiwa wa omo, maji yakitoka kwa nguvu mlangoni mwa bandari, au upepo ukifa chombo kikiwa karibu na mwamba. Ndiyo maana mashine inayozimazima ni hatari kuliko mashine mbovu kabisa. Mbovu huwezi kuiamini, hii inakufanya uiamini, kisha inakuacha mahali pabaya. Na ndiyo maana nauenzi ujuzi wa fundi anayejua kutafuta chanzo.

Ujuzi huo hauanzi na spana, unaanza na swali. “Nahodha, inazima ghafla au inakufa kidogo kidogo?” Ikikata ghafla gia inapoingizwa, fundi ataangalia propela kwanza, kwani kipande cha kamba au wavu kikijizungusha hapo hutosha kuikaba. Ikipanda na kushuka, ikahema, kisha ikanyamaza, hiyo inanyimwa mafuta. “Na moshi?” Mweusi husema hewa haitoshi au mzigo umezidi, mweupe mara nyingi husema mafuta yanatoka bila kuungua. Hata kabla ya kisanduku cha vifaa kufunguliwa, kazi imekwisha kupungua.

Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alitupa mashine isiyohitaji cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikiunguruma vizuri ikianza kufa taratibu, fundi hahangaiki na plagi. Anafuata mafuta.

Anayafuata kwa mpangilio: tangi, bomba, chujio la kwanza, pampu ndogo ya kuvuta, chujio la pili, pampu ya presha, nozeli. Haruki hatua. Akilegeza kifuniko cha tangi na kusikia hewa ikiingia kwa kishindo, amepata jibu: tundu la kupumulia limeziba, na mafuta yameshindwa kushuka. Mashine yenye ugonjwa huo hupumzika, huwaka tena, kisha huzima tena. Tundu likiwa zima, anafungulia kikombe cha chujio. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, basi maji hukaa chini, na pale yanapokutana na mafuta huzaliana vijidudu vinavyoacha ute mweusi. Chombo kikiwa kimefungwa gatini uchafu huo hutulia. Mawimbi ya kusi yakikitikisa, huinuka na kuziba njia. Ndivyo mashine iliyowaka asubuhi nzima bandarini inavyokuja kufia mkondoni.

Adui mgumu zaidi ni upepo ulioingia kwenye mafuta. Kati ya tangi na pampu ya kuvuta, bomba lenye ufa mdogo huenda lisidondoshe hata tone, kama mrija wa soda uliotoboka: hauvujishi kitu, lakini ukivuta unapata hewa. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kazi hii. Fundi huchukua dumu safi la dizeli, huliinua juu ya mashine, na kuunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye pampu ya kuvuta. Mashine ikiwaka bila kusita, kosa liko nyuma: tangi, bomba au chujio la kwanza. Ikizima bado, kosa liko mbele. Kwa dumu moja ameigawa shida nzima nusu mbili, wala hajanunua kipuri.

Kisha anatoa upepo: analegeza skrubu ya juu ya chujio, anasukuma pampu ya mkono mpaka povu liishe na mafuta yatoke safi, anakaza, anahamia nati za nozeli. Hewa hubanika, mafuta ni kama hayabaniki. Povu likibaki, presha ya kufungua nozeli haipatikani.

Anayebahatisha hubadilisha chujio, pampu na nozeli siku moja. Mashine ikipona, hajui kilichoiponya, na ikiugua tena anaanza upya kwa fedha za mwenye chombo. Fundi ninayemsifu hubadilisha kitu kimoja, hujaribu, ndipo huenda kingine. Akimaliza, huiendesha mashine na mzigo, chombo kikiwa kimefungwa imara gatini, kwa sababu mashine kuwaka si ushahidi kwamba imepona.

Nawasihi mafundi wakubwa: kijana anayewashikia tochi mwambieni sababu ya kila mnachofanya, na msimkabidhi spana kabla hajajifunza kuuliza. Nanyi manahodha, fundi akiwauliza mjibuni kweli yote, hata ikiwa ni kwamba chujio halijabadilishwa tangu kusi ya mwaka jana. Nusu ya matengenezo iko ndani ya jibu hilo.