Arudhi ya Kuazima: Kiebrania, Kiarabu na Kiswahili

Katika kumbi za mihadhara jijini Nairobi, ambako sinagogi ya University Way na Msikiti wa Jamia vyote vi karibu, bado husikika hoja kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa Kiarabu kwa sababu shairi, beti na bahari ni maneno ya Kiarabu. Ibrahim Noor Shariff aliupinga mtazamo huo katika Tungo Zetu (1988). Kiebrania chatupa kipimo kingine. Katika karne ya 10, huko Andalusia, Dunash ben Labrat alikitungia Kiebrania mashairi kwa arudhi ya Kiarabu, inayopanga silabi ndefu na fupi. Silabi fupi alizipata katika irabu hafifu iitwayo shewa. Wayahudi wa Aleppo nao waliimba nyimbo zao za ibada kwa maqamu za majirani zao Waarabu. Huo ni uazimaji wa mfumo wenyewe.

Kiswahili kilitenda vingine. Neno mizani ni la Kiarabu, lakini mizani yetu huhesabu silabi bila kujali urefu wake. Hata taarabu, iliyopokea ala na maqamu za Misri, iliendelea kuimba beti za hesabu hiyo. Kwa hiyo mhakiki wa athari za Kiarabu hana budi kuonyesha pia kile ambacho lugha pokezi ilikikataa. Orodha ya maneno ya mkopo peke yake haithibitishi asili ya utungo.