Mwalimu wa Sauti na Ala Isiyoonekana

Katika sanaa zinazorithishwa kwa mwalimu na mwanafunzi kukaa pamoja, ni chache zilizo ngumu kuelezeka kama ile ya kumfundisha kijana kuimba, kwa sababu ala yenyewe imefichwa mwilini mwa anayefundishwa, wala haiwezi kufunguliwa au kukabidhiwa kwa mwalimu ili aonyeshe namna inavyopigwa. Mfinyanzi huuona udongo ukipinda na kuusahihisha kwa kidole, ilhali mwalimu wa sauti hana cha kushika. Kilichopo ni zoloto, yaani kisanduku cha gegedu kilicho juu ya bomba la hewa, na ndani yake nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa kweli ni mikunjo ya nyama laini isiyofika sentimita tatu kwa urefu, na ambayo hewa itokayo mapafuni huifanya ikutane na kuachana kwa kasi isiyofuatika kwa jicho. Mwimbaji anapoitoa ile nota ya la ambayo wapiga ala wengi duniani huitumia kusawazishia ala zao, mikunjo hiyo hukutana mara 440 katika kila sekunde, na hakuna mtu, hata awe amesoma kiasi gani, anayeweza kuiamuru moja kwa moja.

Kufundisha sauti, kwa msingi huo, ni kufundisha kwa kuzunguka. Mwalimu huamuru vile vinavyoamrika: namna ya kusimama, taya lisikazwe, ulimi usirudi nyuma, irabu zifunguliwe, na pumzi iongozwe na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, badala ya kuvutwa kwa kuinua mabega. Akishaamuru hayo, husubiri kwa sikio. Manuel García, mwimbaji wa Kihispania aliyezaliwa mwaka 1805, ndiye aliyewaonyesha walimwengu kile ambacho walimu waliomtangulia walikuwa wakikikisia, pale alipotumia kioo kidogo kutazama zoloto lake mwenyewe likifanya kazi na kuwasilisha matokeo mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1855. Inafaa kukumbukwa kwamba García aliacha kuimba jukwaani angali kijana baada ya sauti yake kuchoka, akaingia katika ualimu na kudumu humo hadi uzeeni, naye akafariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101. Jenny Lind wa Sweden alipomwendea mjini Paris mwaka 1841, sauti ikiwa imeharibika kwa kuimba kupita kiasi, hakumpa zoezi lolote. Alimwamuru anyamaze kwa wiki kadhaa, ndipo wakaanza upya. Mwalimu asiyejua kumnyamazisha mwanafunzi bado hajaijua nusu ya kazi yake.

Hata hivyo, kioo cha García hakikubadili ukweli mmoja ambao ndio kiini cha insha hii. Mwimbaji haisikii sauti yake kama wanavyoisikia wengine. Sauti ya mtu humfikia mwenyewe kwa njia mbili, moja ikipita hewani na kuingia masikioni, nyingine ikipita katika mifupa ya fuvu, na hiyo ya pili huongeza uzito na unene ambao msikilizaji hausikii kamwe. Ndiyo sababu karibu kila mtu anayejisikia kwa mara ya kwanza katika simu au redio hushangaa na kudai kwamba huyo siye yeye. Maana yake kwa mwimbaji aliyefunzwa ni nzito kuliko inavyoonekana. Anaweza kuimba kwa miaka thelathini, akashangiliwa kumbini na kanisani, bila kuwahi kuusikia ustadi wake ukimjia moja kwa moja kutoka upande wa pili wa chumba. Siku atakapousikia, utakuwa umetoka katika koo la kijana aliyemfundisha. Pumzi aliyoihangaikia ujanani, irabu aliyoambiwa aifungue, mwisho wa mstari aliokatazwa kuudondosha, vyote humrudia vikiwa nje yake, katika sauti ambayo si yake na ambayo haifanani na yake. Wasemao kwamba mwimbaji huwa mwalimu pale jukwaa linapomshinda hawajalitazama jambo hili kwa makini.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake unaojulikana. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, na ambaye kabla ya umaarufu alitembeza vyungu, alifunzwa uimbaji na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilikwenda mbali kuliko msafara wowote wa muziki wa Kiswahili uliotangulia, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Jina la Ali Muhsin, kwa upande wake, hutajwa leo karibu kila mara kwa ajili ya mwanafunzi wake. Kwa hesabu ya jukwaa, hilo ni punje ndogo. Kwa hesabu ya ualimu, ni vigumu kuona mavuno makubwa kuliko hayo.

Msangano, kata ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, iko mbali na Zanzibar na mbali na kumbi za Dar es Salaam. Ni nchi ya bonde, ya mpunga, na mji mkubwa wa jirani ni Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Lakini kwa mwalimu wa sauti ni nchi yenye utajiri ambao hauonekani katika takwimu za mavuno. Wenyeji wake wengi ni Wanyamwanga, ambao lugha yao inazungumzwa pande zote mbili za mpaka, nayo Kinyamwanga ni lugha ya toni, yaani lugha ambamo kupanda na kushuka kwa kidatu katika silabi ni sehemu ya sarufi na maana, na si kiimbo cha sentensi tu kama ilivyo katika Kiswahili, ambacho kimebaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo amekuwa akipima vidatu tangu alipoanza kusema, bila kujua kwamba anapima. Anapoletwa mbele ya mwalimu wa kwaya akaambiwa apande kutoka do hadi mi, haanzi na sikio tupu.

Utajiri huo una mgogoro wake. Nyimbo za Ulaya zilizoletwa na wamisionari zilitungwa kwa lugha zisizo na toni, na tafsiri zake katika lugha za Kibantu zililazimisha neno lipande pale linapotaka kushuka, hata mwimbaji akawa anatamka kitu ambacho sikio la bibi yake lingekisikia kwa shida. Wapo walioliona tatizo mapema. Wamoravian, ambao walianza kazi yao Rungwe mwaka 1891 na kufika Mbozi, ambayo leo imo Songwe, kwa Wanyiha mwaka 1899, walikuwa na mmisionari pale Mbozi, Traugott Bachmann, ambaye alihimiza nyimbo za wenyeji zitumike katika ibada wakati wenzake wengi wakiziona kuwa za kipagani. Huu ni uamuzi wa kimuziki kadiri ulivyo wa kidini, na mwalimu wa sauti wa Songwe anayeusahau atawafundisha vijana wake kuimba vizuri maneno wasiyoyasikia.

Chombo kinachotumiwa na walimu wengi wa kwaya, kuanzia Msangano hadi Bukoba, ni sol-fa, mfumo wa kuandika muziki kwa herufi za do, re, mi, fa, so, la na ti badala ya mistari mitano na vichwa vya nota. Ulianzishwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, hasa kwa ajili ya watoto na watu wasio na fedha za kununulia piano. Wasomi wa muziki wakati mwingine huudharau, na dharau hiyo haina msingi: mfumo unaoandikika kwa chaki ubaoni, usiohitaji ala yoyote, na unaomlazimisha mwimbaji kuusikia umbali kati ya nota moja na nyingine kabla ya kuitoa, ni zana bora ya kufundishia sikio kuliko nyingi za gharama. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliutunga kwa sol-fa mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ndio unaoimbwa leo na wanafunzi wa Tanzania wakiwa mstarini kama wimbo wa taifa. Alikuwa akiwatungia wanafunzi wake.

Mfano wa ndani ya nchi ambao pengine unafaa zaidi kuliko wote ni wa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mwimbaji na mpigaji wa ilimba na zeze, ambaye Mwalimu Nyerere alimwalika Dar es Salaam, na ambaye baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Sauti yake ilisifiwa duniani kwa upana wake, kutoka mngurumo wa chini hadi wembamba wa juu kabisa, na angeweza kuridhika na sifa hizo. Badala yake aliwakusanya ndugu na watoto akawalea katika uimbaji wa Kigogo, ambao sauti zake nyingi husukana pamoja bila kuandikwa popote, na ambao hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayejua. Alifariki mwishoni mwa mwaka 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu iitwayo Maisha, wakiwa wanawake wa ukoo ambao zamani waliimba nyuma ya wanaume na sasa wamesimama mbele. Hapa hapakuwa na kioo wala nadharia ya zoloto. Palikuwa na sikio la mzee na subira yake, na matokeo yanasikika.

Si kila kijana anayefikia huko, na baadhi huharibiwa njiani na watu wenye nia njema. Mvulana anapobalehe, zoloto lake hukua na sauti hushuka karibu oktavu nzima, yaani umbali wa kutoka do hadi do nyingine. Ya msichana nayo hushuka, ingawa kidogo. Katika miezi hiyo sauti hupasuka na kukataa amri, na mwalimu asiyejua humlazimisha kijana aendelee na sauti ya kwanza kwa sababu kwaya ina upungufu. Tatizo jingine ni la vipaza sauti. Kinanda cha umeme na spika zilizofunguliwa hadi mwisho humfanya mwimbaji apige kelele ili ajisikie, akibana koo, na kubana huko kukirudiwa kila Jumapili huweza kuotesha vinundu juu ya mikunjo ya sauti, ukwaruzo ukawa wa kudumu. Mwimbaji aliyefunzwa huyajua haya kwa mwili wake mwenyewe, na pengine hakuna sababu nzuri kuliko hii ya kutaka ualimu uwe mikononi mwa aliyeimba.

Mtaala ulioboreshwa ambao Tanzania ilianza kuutekeleza mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi katika shule za msingi na katika mkondo wa amali wa sekondari, lakini nafasi iliyo katika karatasi huhitaji mtu wa kuijaza, na walimu wengi wa kwaya vijijini bado hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, jioni, baada ya shamba. Wahitimu wa TaSUBa na wa idara za muziki za vyuo vikuu wanaosubiri jukwaa la Dar es Salaam liwaite wangefanya vyema kuzifikiria kata kama Msangano, ambako vijana wameshafunzwa kusikia na wanangoja wa kuwafunza kupumua. Nao wazee wa makanisa, walimu wakuu na halmashauri waanze na yale yasiyo na gharama kubwa: chumba kimoja kisicho na spika, ubao, saa mbili kwa wiki zisizoingiliwa na mazoezi ya sikukuu, na posho ya kudumu kwa mwalimu wa sauti, hata iwe ndogo.