Mwili Kama Hoja: Uhakiki wa Filamu It's My Life

Wahakiki wetu wamezoea kuichambua tamthilia na riwaya na kuwaachia waandishi wa habari filamu ya hali halisi, kana kwamba kazi inayosimulia mambo ya kweli haina fani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba It's My Life, filamu iliyoongozwa na Brian Tilley mwaka 2001, inastahili kupimwa kwa vigezo vile vile tuvitumiavyo katika kuihakiki tanzia. Mhusika wake mkuu ni Zackie Achmat, mwanaharakati wa Afrika Kusini aishiye na virusi vya UKIMWI.

Yafaa kwanza tuielewe historia iliyoizaa kazi hii. Mnamo Desemba 1998 Achmat na wenzake waliunda Treatment Action Campaign, jumuiya ya kudai matibabu kwa wote. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikwisha kuthibitishwa, lakini zilimgharimu mgonjwa mmoja dola 10,000 au zaidi kwa mwaka. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1997 ili kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu, na makampuni ya dawa yakaishtaki. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeweza kutoa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la madaktari wahudumiao maskini. Miezi miwili baadaye makampuni 39 yaliiondoa kesi yao mahakamani. Ikadhihirika kuwa bei ile ya awali haikutokana na gharama ya kutengeneza dawa, bali na ukiritimba wa hataza.

Mgogoro mkuu wa filamu umo ndani ya mhusika mwenyewe. Achmat aliweza kuzipata dawa, lakini akakataa kuzimeza mpaka zipatikane katika hospitali za umma. Kamera yamfuata kwa muda wa miezi mitano, naye anaugua huku akiongoza mapambano. Si wenzake wote walioafikiana naye. Hapa ndipo penye tanzia: mema mawili yanakinzana. Akizimeza dawa, atakuwa amejitenga na maskini anaowatetea. Asipozimeza, huenda akaunyima umma kiongozi wake.

Lakini upo utata mwingine ambao mtazamaji aweza kuupita bila kuuona. Katika miaka hiyo hiyo Rais Thabo Mbeki alikuwa akitilia shaka hadharani kwamba virusi ndivyo chanzo cha UKIMWI. Katika mazingira kama hayo, mtu akataaye dawa kwa kuwa anaziamini, na mtu akataaye kwa kuwa haziamini, wanafanana machoni. Picha haiwezi kuwatenganisha. Kinachowatenganisha ni kauli tu. Kwa sababu hiyo tunashikilia kwamba katika filamu hii lugha si kiambatisho cha picha. Ndiyo inayobeba dhamira. Mwili unaokonda ni hoja pale tu mwenyewe anapoueleza. Usipoelezwa, unabaki kuwa ugonjwa.

Anwani nayo yahitaji kutazamwa. Tukiifasiri kwa Kiswahili tunapata "Haya ni Maisha Yangu". Neno "maisha" katika lugha yetu halina umoja. Hakuna asemaye "isha langu". Hatudai kwamba sarufi ni ushahidi wa falsafa ya jamii. Hata hivyo, tafsiri hii yatusaidia kuuona ukinzani uliofichika katika anwani ya Kiingereza: mhusika anadai haki ya mtu mmoja juu ya uhai wake, ilhali tendo lake lasema kwamba uhai huo hauna thamani kamili ukitengwa na wa wengine.

Udhaifu wa filamu watokana na nguvu yake. Kwa kuizingatia mno dhamiri ya kiongozi, inaufanya umma uonekane kama kivuli chake. Matukio yaliyofuata yameusahihisha mtazamo huo. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali kuondoa vizuizi vya dawa ya nevirapine, ili kina mama wasiwaambukize watoto wao. Mwaka 2003, serikali ilipokubali kuandaa mpango wa matibabu, na wanachama wenzake walipomsihi, Achmat alianza kutumia dawa. Ule mgogoro ambao filamu iliuweka moyoni mwa mtu mmoja ulipata ufumbuzi kwa uamuzi wa wengi.

Kwa wasomi wa lugha nchini Kenya, suala hili si la mbali. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia ililifasili neno "bandia" kwa upana uliotishia kuzijumuisha hata dawa halali za bei nafuu, zenye viambato vile vile na zile za makampuni makubwa. Watu watatu waishio na virusi walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki yao ya kuishi. Fasili ya neno moja ingeweza kumnyima mgonjwa dawa. Wenye taaluma ya maana na istilahi hawana budi kuwapo pale sheria kama hizo zinapoandikwa, wala wasingoje mpaka wagonjwa wazipinge mahakamani.