Lisemwalo Lipo? Kumsoma Sita wa Ramayana Tukiwa Nachingwea na Ruangwa

Masomo: Hesabu 5:11–31, Mathayo 1:18–25, Yohana 8:1–11

Huenda wengine wenu mtashangaa kuona kitabu cha tafakari za imani yetu kikitenga kurasa kwa ajili ya utenzi wa Kihindu. Lakini sisi wa Nachingwea na Ruangwa tumezoea kuishi na majirani wasioabudu kama sisi. Walutheri huku ni wachache. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na Wakristo wengi wa kusini wamelelewa na Waanglikana wa Masasi au Wabenediktini wa Ndanda. Wafanyabiashara wa Kihindi nao wana historia ndefu katika pwani ya Lindi na Mikindani. Hadithi zao zimeingia majumbani mwetu kwa njia ya filamu na tamthilia, hata watoto wanajua majina ya Rama na Sita kabla hawajaelezwa ni akina nani.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Dk. Martin Luther anapoeleza amri ya nane haishii kwenye kukataza uongo. Anatutaka tumtetee jirani na kuyatafsiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Tunaamini kwamba agizo hilo linakihusu pia kitabu cha jirani. Basi tutausoma utenzi huu kwa haki, tukijua kwamba Wahindu wanamheshimu Rama kama Mungu Vishnu aliyeshuka katika umbo la mwanadamu, na kwamba sisi hatuna imani hiyo. Na tutaona kwamba amri hiyohiyo ya nane ndiyo inayovunjwa katikati ya hadithi yenyewe.

Habari kwa ufupi

Ramayana ni utenzi wa lugha ya Kisanskriti, wenye vitabu saba na beti zipatazo 24,000. Mtunzi wake anatajwa kuwa Valmiki. Mfalme Dasharatha wa Ayodhya anataka kumrithisha Rama, mwanawe wa kwanza. Kijakazi Manthara anamnong'oneza malkia Kaikeyi, mke mwingine wa mfalme, naye Kaikeyi anadai atimiziwe ahadi mbili alizopewa zamani: mwanawe Bharata atawale, na Rama aende msituni miaka 14. Rama anakubali bila ugomvi ili neno la baba yake lisianguke. Sita, mkewe, anakataa kubaki katika raha za ikulu, na Lakshmana, ndugu wa Rama, anafuatana nao.

Huko msituni Ravana, mfalme wa majitu wa Lanka, anamteka Sita kwa hila. Rama, akisaidiwa na Hanuman na jeshi la nyani, anavuka bahari, anamwua Ravana na kumpata mkewe. Msomaji anadhani sasa mambo yamekwisha. Ndipo yanapoanza. Rama anamwambia Sita mbele ya watu kwamba amepigana kwa ajili ya heshima yake mwenyewe, na kwamba mwanamke aliyekaa katika nyumba ya mwanamume mwingine hawezi kumpokea. Sita anaingia motoni. Mungu wa moto anamtoa mzima na kumshuhudia kuwa ni safi. Wanarudi Ayodhya. Wahindu wengi huadhimisha kurudi huko kwa taa za Diwali, wakiwemo wale wa Dar es Salaam wanaokwenda kuabudu katika mahekalu ya mtaa wa Kisutu.

Lakini katika kitabu cha saba minong'ono inaanza mjini. Watu wanauliza mfalme anawezaje kuishi na mwanamke aliyekaa kwa Ravana. Masimulizi ya baadaye yanamtaja dobi mmoja aliyegombana na mkewe na kumwambia kwamba yeye si Rama wa kumpokea mke wa namna hiyo. (Hata neno dobi tumelipata kwao.) Rama anajua kwamba Sita hana kosa. Hata hivyo anamwagiza Lakshmana ampeleke msituni na kumwacha huko, naye ni mjamzito.

Mji usioshindika

Tuangalie mahali, maana katika utenzi huu mahali panasema. Jina la Ayodhya maana yake ni mji usioweza kupigwa vita ukashindwa. Kuta zake ni imara, raia wake wanasifiwa kwa uadilifu, na hakuna jeshi linaloingia. Lakini mara mbili mji huo unaangushwa kwa maneno ya chinichini: mara ya kwanza mdomo wa Manthara, mara ya pili midomo ya raia. Kwa upande mwingine, Lanka ni nchi ya adui. Hata hivyo ni Lanka ambako Trijata, mmoja wa majitu wa kike waliowekwa kumlinda Sita, anamfariji. Ni Lanka ambako Vibhishana, ndugu wa Ravana, anathubutu kumwambia mfalme wake kwamba amekosa na amrudishe mwanamke wa watu. Sita alipata wa kumsemea katika nyumba ya adui. Katika mji wa watu waadilifu hakumpata, kwa kuwa Rama aliwakataza hata ndugu zake wasimpinge.

Hapa ndipo utenzi unapotugusa sisi. Tunao msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Unasemwa kisimani, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye foleni za msimu wa korosho, na siku hizi kwenye makundi ya simu. Ayodhya iliuamini msemo huo. Sita hakushitakiwa na mtu yeyote mwenye jina. Hakuitwa, hakuulizwa, hakuelezwa. Aliambiwa anapelekwa kuwatembelea watawa wa msituni, akafurahi, na alipovushwa mto Ganges ndipo akaambiwa kwamba hatarudi.

Wenyewe pia waliona uzito

Tusije tukajigamba kwamba kasoro hii tumeiona sisi Wakristo. Wenye hadithi waliiona kabla yetu. Wataalamu wengi wanakiona kitabu cha saba kuwa kiliongezwa baadaye. Kamban, aliyeitunga upya hadithi hii kwa Kitamil, anaimaliza kwa Rama kutawazwa. Tulsidas, aliyeitunga kwa lugha ya watu wa kaskazini mwa India katika karne ya 16, hasimulii kufukuzwa kwa Sita. Yeye anasema pia kwamba aliyetekwa na Ravana alikuwa kivuli tu cha Sita. Sita mwenyewe alifichwa motoni, na moto ukamrudisha. Waumini wanaompenda Rama wametafuta kwa karne nyingi njia ya kumwondolea mzigo huu, na jitihada hiyo peke yake ni ushahidi kwamba mzigo upo.

Nasi lazima tumtendee Rama haki. Hakuoa mke mwingine. Alipotakiwa kutoa sadaka ya kifalme yenye kuhitaji mke kando yake, alisimamisha sanamu ya dhahabu ya Sita. Alitenda akiamini kwamba mfalme hana haki ya kuweka furaha yake juu ya imani ya raia. Hilo ni jambo kubwa, na viongozi wengi wangefaa kujifunza. Tatizo ni kwamba gharama ya heshima ya kiti ililipwa na mtu asiye na kosa. Kayafa naye alisema yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11:50). Na sanamu ya dhahabu haiwezi kulia, wala kujifungua, wala kuuliza swali.

Kiapo cha kwetu na kiapo cha Maandiko

Msomaji asiseme kwamba moto wa Sita ni mambo ya Wahindi. Wazee wa kusini wanalijua neno mwavi, sumu ya mti aliyonyweshwa mtuhumiwa: akitapika amepona na ameshinda, akifa basi imesemwa alikuwa na hatia. Na katika Hesabu 5 tunasoma juu ya mke anayeshukiwa na mumewe, jinsi kuhani anavyomnywesha maji ya uchungu. Sheria ile haina maji kwa mume anayeshukiwa. Haifai tuyaruke maneno hayo tunapowanyoshea wengine kidole. Tofauti iliyopo ni kwamba Biblia haiishii pale. Inatupeleka mpaka kwa Yusufu, na mpaka kwenye ua wa hekalu katika Yohana 8.

Mlinganishe Rama na Yusufu. Rama anajua kwamba mkewe ni safi, naye anamwacha kwa sababu ya watu. Yusufu bado hajaota ndoto, bado hajui lolote ila mimba asiyoihusika nayo, naye anakusudia kumsitiri Mariamu ili asiaibishwe. Mathayo anasema alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa mwenye haki. Ndiyo kusema, kwa Mathayo haki ya mwanamume huonekana katika kulinda jina la mwanamke hata pale ambapo yeye mwenyewe ameumia. Na katika Yohana 8 wanaume wanamleta mwanamke aliyefumaniwa, lakini aliyefumaniwa naye hayupo. Bwana Yesu hasemi dhambi si kitu. Anawaondoa kwanza wenye mawe, ndipo anazungumza na mwanamke huyo juu ya maisha yake.

Mwana wa ardhi

Jina Sita maana yake ni mfuo wa plau. Mfalme Janaka alimwokota mtoto huyo alipokuwa akilima. Wazee wa Nachingwea waliouona Mpango wa Karanga wa mwishoni mwa miaka ya 1940, matrekta yakipasua ardhi kwa mistari mirefu, wataelewa picha hiyo. Na mwishoni, Rama anapomtaka aape tena mbele ya baraza la watu, Sita anaapa kweli. Anasema kwamba ikiwa hajamwaza mwanamume mwingine ila Rama, basi mama yake Ardhi ampokee. Ardhi inafunguka, kiti cha enzi kinapanda, anakaa, anazama nacho.

Wafafanuzi wengi wanauona mwisho huu kuwa kifo cha huzuni. Sisi tunaoishi na Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao tunaweza kuona jambo jingine ndani yake. Katika desturi za watu hawa ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamke aliyenyanyaswa kwa mumewe anarudi kwao, na mjomba anasimama kumsemea. Sita anafanya hivyo hasa. Anakataa kushitakiwa mara ya pili, anarudi kwa mama yake. Mshairi amempa yeye neno la mwisho, na mfalme anabaki amesimama akiililia ardhi. Kwa hiyo tunasema kwamba utenzi huu ni mkubwa kuliko uamuzi wa shujaa wake. Umemsifu Rama kwa maelfu ya beti, kisha ukakubali kumwacha bila mke, aone alichopoteza.

Ndiyo maana tunaona wanakosea wanaomtumia Sita kuwafundisha wanawake kunyamaza. Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia mabinti zetu. Sita alivumilia msitu, utumwa, moto na kutupwa. Mbivu aliyokula ni ipi?

Mzee wa msituni na baraza letu

Yupo mhusika mmoja ambaye Kanisa linapaswa kumtazama kwa makini. Sita alipoachwa akilia, Valmiki mwenyewe, mtunzi wa utenzi, alimpokea katika makao yake ya watawa. Hakumwuliza mimba ni ya nani. Watoto wake mapacha, Lava na Kusha, walizaliwa pale, wakafundishwa kuimba habari za baba yao. Na siku ya baraza Valmiki alisimama akaapa kwamba ikiwa Sita ana doa, basi matunda ya miaka yake yote ya ibada yapotee. Aliweka rehani utumishi wake wote kwa ajili ya mwanamke aliyesemwa.

Sasa tujitazame. Katika sharika nyingi binti anayepata mimba anaitwa mbele ya wazee, anatengwa na Meza ya Bwana, anaondolewa kwaya, na anasubiri siku ya kurudi kundini. Kijana aliyempa mimba mara nyingi hatajwi, na Jumapili inayofuata anaimba besi. Mjane naye akisaidiwa kulima na mwanamume jirani, maneno yanafika kwa mzee wa kanisa kabla ya mavuno. Hatusemi marudi yaondolewe. Kanisa lisiloonya halipendi. Tunasema marudi yasijengwe juu ya minong'ono.

Tunapendekeza mambo matatu kwa mabaraza ya wazee. Kwanza, shutuma isiyo na mtu wa kuisimamia uso kwa uso isiingizwe kwenye ajenda. Mathayo 18:15 inataka aliyekosewa aende kwanza mwenyewe, wawili faraghani. Pili, pale ambapo kosa ni la watu wawili, waitwe wawili, na asipopatikana mmoja, aliyepatikana asibebeshwe sehemu ya mwenzake. Tatu, kabla ya kuuliza habari za kosa, tuulize binti analala wapi, anakula nini, na kama amekwenda kliniki.

Msemo wa lisemwalo lipo ni wa mjini Ayodhya. Amri ya nane tulikaririshwa Kipaimara, na wengi wetu tunaikumbuka vizuri. Mara nyingine jina la dada yetu litakapotajwa kwa sauti ya chini kwenye benchi la nyuma, amri hiyo itamhitaji mtu mmoja aseme kwa sauti ya kawaida: mwenye neno hilo ni nani, naye yuko tayari kuja kulisema hapa?