Mizani ya Mbele ya Mkaguzi

Makampuni makubwa siku hizi hujisifu kwamba yanatunza ardhi, maji na hewa. Usiipokee sifa hiyo bila mizani. Volkswagen ya Ujerumani iliwatangazia Wamarekani kuwa dizeli yake ni safi. Mwaka 2015 ikadhihiri kuwa magari yake kiasi cha milioni 11 ulimwenguni yalitiwa programu ya hila: yakipimwa, moshi hupungua, yakiingia barabarani, sumu huzidi, hata baadhi yake huko Marekani kufikia mara 40 ya kiwango cha sheria. Sura ya Al-Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo. Hapa kilichopunjwa si kibaba cha mchele, bali pumzi za watoto. Basi kampuni isijipime yenyewe. Nasi madukani mwetu, je, mizani ni ile ile mkaguzi akishaondoka?