Mwendo wa Kuimba

Kila nikirudi nyumbani na medali shingoni, swali ni lilelile: "Umekuwa wa ngapi?" Anauliza baba watoto, anauliza jirani anayefua uani, na Jumatatu wanauliza wanafunzi wangu. Agosti, hapa Dar es Salaam, nilikuwa wa 1,412. Nikiitaja namba hiyo watu hunyamaza kidogo, kama waliopewa habari ya msiba wa mbali, kisha mmoja hupata la kusema: "Si haba, mama, umemaliza."

Nina miaka 52. Nasomesha Kiswahili sekondari, nina watoto watatu na presha. Presha niliambiwa miaka minne iliyopita na daktari aliyeniwekea njia mbili mezani: vidonge peke yake, au vidonge na miguu. Nikachukua vyote viwili. Mwaka huu wa 2025 nimekimbia mbio nne za nusu marathoni, kilomita 21.1 kila moja, na sasa Desemba imeingia, raba zimeanikwa dirishani, nataka kuusifia ufundi huu ambao wengi hawaamini kuwa ni ufundi. Kukimbia, wanasema, hata kuku anajua.

Mimi nilifundishwa nikiwa darasa la tano, na sikujua kuwa nafundishwa. Shule yetu ya msingi ilikuwa Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge. Saa kumi na mbili asubuhi tulipangwa mistari miwili, wengi pekupeku, tukaingia mchakamchaka kwenye njia ya udongo mwekundu, mkonge huku na mkonge huku. Mwanzishaji wa nyimbo hakukimbia mbele. Alikimbia ubavuni, akirudi nyuma na kwenda mbele kama mchunga mbuzi. Yeye anaanzisha, sisi tunaitikia, na mguu unapiga chini palepale neno linapoangukia. Mkiani walikuwa wadogo na wanene. Mimi nilikuwa mnene. Kazi yetu watu wa mkiani ilikuwa kuitikia kwa sauti kubwa, mwalimu wa zamu aliyetufuata na fimbo ya mpera asije akadhani tumechoka.

Mtu anayeimba hawezi kuikimbia pumzi yake. Akizidisha, kiitikio kinakatika, na kikikatika kinasikika mpaka mbele. Mwanzishaji akisikia sauti za nyuma zinafifia aliuvuta wimbo taratibu, mistari yote ikapoa, kisha akaupandisha tena. Leo makocha wanaandika vitabuni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mkimbiaji iwe katika mwendo unaomwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Sisi tulikuwa tunamaliza beti.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1984. Agosti ile, huko Los Angeles, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia marathoni katika Olimpiki, na Joan Benoit wa Marekani akashinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Kabla ya hapo wakubwa wa michezo walikuwa wameamua kwamba umbali ule si wa mwanamke. Wasichana wa Korogwe hatukuwa na habari ya mjadala huo. Tulikuwa tukirudi kutoka mchakamchaka tunapewa ndoo, tunakwenda kuchota maji ya bustani ya shule.

Kisha nikakua, nikaisahau elimu hiyo kwa miaka arobaini. Kilichonikumbusha ni bibi mmoja wa Moshi.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, Kilimanjaro Marathon. Nusu marathoni inaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, na hujakaa sawa barabara inaanza kupanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, unapanda mpaka karibu kilomita kumi, ndipo unageuza. Wapanda mlima wengi hushukia Mweka wakitoka kileleni. Sisi tunaanza kwa kuipandia, na wala kileleni hatufiki. Mbele yangu alikuwapo binti wa fulana ya njano, mwepesi kama jani, nikajisemea huyu ananitosha. Nikamfuata. Kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu, saa yangu ya mkononi inanisifu. Kwenye kilomita ya sita, pembeni ya shamba la ndizi, amekaa bibi kwenye kigoda, kajifunga kitenge mpaka kifuani, anatutazama tunavyopita. Aliponiona mimi akasema, kwa upole kabisa, "Pole, mama."

Nilitaka kusema asante bibi, na shikamoo juu yake, kama nilivyolelewa. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka ila hewa. Nilipita mbele ya mtu mzima aliyenipa pole nikiwa nimemtolea macho kama samaki, na sikuitikia.

Binti wa njano aliondoka zake. Mimi nilipanda kilomita nne zilizobaki nikitembea zaidi ya kukimbia, na aibu ya yule bibi ilinisumbua kuliko mapaja. Kisha ukaja mteremko, nikauvamia nikidhani ni wakati wa kulipiza kisasi. Msije mkafanya hivyo. Katika kushuka, kila hatua ndefu ni breki, na breki hiyo inashikwa na msuli wa mbele wa paja. Ukishika breki kilomita kumi, msuli unachanika vipande vidogo vidogo usivyoviona mpaka kesho yake, unapotaka kukaa chooni. Anayejua kushuka hupiga hatua fupi za harakaharaka, mwili ameuinamisha mbele kidogo kuanzia vifundoni, mikono ameilegeza. Mimi nilishuka kama gunia. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 38, na wiki iliyofuata kucha ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia iligeuka nyeusi. Ilitoka Aprili. Nimeihifadhi kwenye kibati cha pini, na baba watoto ameniomba mara mbili niitupe.

Niliporudi Dar es Salaam niliweka sheria moja: mwendo wangu ni ule ninaoweza kuamkia mtu nao. Siyo "shkamo" ya kukata, ni "shikamoo" yenye silabi zote, na nafasi ya kuuliza habari za nyumbani. Asubuhi ni wengi wa kuwaamkia: wafagiaji, walinzi wanaokabidhiana zamu, mama wa vitumbua. Mwendo huo uligeuka kuwa wa polepole kupita heshima yangu. Mara nyingi dakika nane na nusu kwa kilomita. Kijana mmoja wa bodaboda alinifuata ubavuni taratibu kabisa, injini ikikohoa.

"Shikamoo mama. Panda nikufikishe."

"Marahaba mwanangu. Nafanya mazoezi."

"Najua, mama. Sikudai hela."

Watu watanitajia hapa kwamba mwenda pole hajikwai. Nasomesha methali kwa mshahara, na hii naikana. Mei nilijikwaa nikiwa katika mwendo wa pole kuliko wote wa maisha yangu, Kinondoni, kwenye chemba iliyoibiwa mfuniko. Goti lilichubuka, kiganja kikavimba. Nilikaa ukingoni mwa mtaro nikimwaza John Stephen Akhwari, kama afanyavyo kila Mtanzania aliyeumia goti. Habari yake tumeimeza tangu utotoni: Mexico City, marathoni ya Olimpiki ya 1968, alianguka, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Tunausifu moyo wake, na ni haki yake. Ila nina neno dogo la mtu wa mkiani. Muda wake siku ile ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde kadhaa. Kwa goti lililoteguka, katika mji ulio juu ya mita 2,200. Mimi mwenye magoti mawili mazima, na chini usawa wa bahari, muda huo sitaupata mpaka naingia kaburini. Tunamtaja kama mtu aliyeshindwa akajikaza, tunasahau kwamba alikuwa fundi.

Mbio ya Dodoma, Julai, haina mengi. Baridi, upepo wa usoni kwenda na, naapa, usoni kurudi. Saa 2 na dakika 29.

Agosti ndiyo ninayotaka kuieleza. Usiku wa kuamkia mbio nilitandika vitu kitandani kama mtu anayefungasha mtoto kwenda bweni. Namba ya kifuani na pini nne. Pini tatu hazitoshi, karatasi itapigapiga kama bendera kilomita ishirini. Soksi ambazo zimeshafuliwa mara nyingi, maana soksi mpya ni malengelenge. Kucha zimekatwa mkato mnyoofu, na mbele ya kidole, ndani ya raba, pana nafasi ya dole gumba. Mafuta ya mgando: mapajani, kwapani, na chini ya mshipi wa sidiria, pale ambapo mshono usipopakwa huandika jina lake kwenye ngozi, nawe utalisoma ukimwagiwa maji ya kuoga. Kikombe kimoja cha uji wa ulezi saa kumi alfajiri, ndizi mbivu moja, na chooni mara mbili. Haya hayapigwi picha. Lakini ukimwona mtu anamaliza bila kuchechemea, jua kazi ilifanyika usiku.

Bunduki ilipolia watu walinipita kama maji yanavyopita jiwe. Niliwaacha. Nikaanza kuimba kimoyomoyo wimbo mmoja wa mchakamchaka, ule uliokuwa mrefu kuliko wote, na kila baada ya beti nikatoa kiitikio kwa sauti ndogo, kuupima mwili. Kiitikio kikitoka chote, nakwenda. Kikikatika, napunguza, hata kama saa inasema nimechelewa. Saa haina mapafu. Kwenye Daraja la Tanzanite, bahari chini kulia na kushoto na upepo wa kipupwe ubavuni, niliitikia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na mbele yangu mzee wa fulana ya Simba, ndevu nyeupe tupu, akaitikia nami bila kugeuka. Naye alikuwa wa mchakamchaka. Wimbo wenyewe anaujua. Tukavuka daraja lote tukipokezana, yeye anaanzisha mimi naitikia, na vijana wenye miwani ya jua wakitupisha. Hatukuulizana majina.

Kuanzia kilomita ya kumi na tano nikaanza kuwaona tena wale walionipita. Sikuwakimbilia. Walikuwa wanarudi nyuma wenyewe, mmoja mmoja, mikono kiunoni. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 22, dakika kumi na sita pungufu ya Moshi. Haki isemwe: Moshi ni mlima na Dar ni sahani. Sina hakika ni dakika ngapi zangu na ngapi za barabara.

Mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia Jumatatu ya 15 Septemba, niliamka saa nane nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai kumtazama Alphonce Simbu akikimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo. Mnakumbuka mwisho wake: Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele kwenye mnyoosho wa mwisho, Simbu anamjia, wanavuka pamoja, wote 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, na Tanzania inapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha. Nilipiga ukelele, baba watoto akaamka akitafuta panga. Magazeti yaliandika juu ya ile hatua ya mwisho. Mimi nilikuwa nimetazama zaidi ya saa nzima kabla yake, ambamo Simbu hakufanya chochote cha kuandikwa: yumo katikati ya kundi, uso umetulia, hajibu kila anayejaribu kuchomoka. Dakika tatu na sekunde tano kwa kilomita. Huo, kwake, nadhani ndio mwendo wa kuimba.

Mbio ya nne, ya Novemba, nitaisitiri jina. Kwenye kilomita ya kumi na nne meza ya maji ilikuwapo, maji hayakuwapo. Vijana wa meza walikuwa wanakunja kitambaa. Waandaaji walihesabu wakimbiaji kwa mwendo wa wale wanaowapenda, wakasahau kwamba jua la saa nne wanalipata wa nyuma, siyo wa mbele. Nilisimama dukani kwa Mangi nikatoa noti ya elfu moja kutoka kwenye soksi, imelowa jasho, nikaomba radhi. Akaipokea kwa ncha za vidole. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 51, utepe umeshatolewa, medali zimeisha. Wa mwisho hulipa kiingilio kilekile anacholipa wa kwanza, na hudumu barabarani mara mbili yake. Apewe maji.

Mwendo huu wa kuimba siukimbii peke yangu: nina kikundi, na sasa tumebaki kumi na mmoja, mdogo ana miaka 38, mkubwa 67. Jumamosi tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, Coco Beach, pale wanapouzia mihogo, ingawa saa hizo muhogo hakuna. Raba yoyote inafaa na hatuulizi muda wa mtu. Tuna upungufu mmoja tu: wote tulikuwa watu wa mkiani, tunajua kuitikia. Kama wewe shuleni ulikuwa mwanzishaji, njoo.