Chuma Ndani ya Chokaa: Hesabu za Beit al-Ajaib

Huku Ibaba, milimani Ileje, fundi huanza kwa kuuliza tofali: ziko ngapi, na tanuru lilishika moto vizuri? Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hesabu ilianzia kwenye boriti. Mti wa mkoko hauvuki zaidi ya mita 3 hivi kutoka ukuta hadi ukuta, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale pale ni virefu na vyembamba kama behewa.

Sultani Barghash hakutaka behewa. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib: orofa tatu, kumbi pana, na ua mkubwa katikati. Kuta zilikuwa za matumbawe na chokaa kama za majirani, lakini sakafu zililazwa juu ya mihimili ya chuma, na roshani zikabebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Watu walistaajabia umeme na lifti. Mimi nastaajabia sakafu.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga majumba ya kifalme kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm ya jirani haikupona, Ajaib ilisalimika. Mnara wa taa uliosimama mbele yake uliharibiwa, na baadaye mnara wa saa ukapachikwa usoni mwa jumba lenyewe. Mzigo mpya kwa mifupa ya zamani.

Kasri nyingi hulazimishwa kuwa makumbusho. Hii, iliyokwisha kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, ilikuwa kama imejiandaa: ua ulimeza nakala nzima ya mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja.

Tatizo lilikuwa kile chuma. Upepo wa Forodhani, ufukweni mbele ya jumba, una chumvi. Mhimili ukishika kutu huvimba, na chokaa, kwa kuwa ni laini, hupasukia ndani kwa ndani. Ukiikandika lipu ya saruji unaufungia unyevu humo humo. Hata Ibaba tunalijua hili: saruji juu ya tofali zilizojengewa udongo hubanduka masika kama gaga la kidonda.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara. Watu wawili walifariki.

Ningeulizwa, ningerudisha chokaa kila ukuta, niweke chuma kisichoshika kutu, na saa ningeijengea mnara wenye msingi wake, hatua chache mbele ya jumba, pale uliposimama ule wa taa.